Naisi na Shisti: Mawe Mawili ya Ukoo Mmoja katika Nchi ya Taita

Msafiri atokaye Mombasa kwenda bara, kwa gari moshi au kwa motokaa, huacha nyuma yake matumbawe ya pwani, hupanda penye mawe ya mchanga ya Mazeras na Mariakani, huvuka nyika kavu ya Taru, kisha kabla hajafika Voi huona ya kuwa nchi imebadilika. Upande wa kushoto husimama mlima wa Kasigau, peke yake katikati ya tambarare. Mbele upo Sagalla, na mbali zaidi vilele vya Taita vilivyofunikwa na ukungu. Udongo umekuwa mwekundu, na kila penye korongo hutokeza majabali ya kijivu yenye mistari. Hiyo ndiyo miamba ya kale ya Afrika, iliyo chini ya nchi nyingi za bara lakini hapa imejitokeza wazi.

Wenyeji wengi huyaita majabali hayo yote kwa jina moja tu, jiwe, na kwa kazi nyingi jina hilo latosha. Lakini wako watu ambao kwao kutofautisha jiwe na jiwe ni jambo la fedha, na pengine la uhai: fundi anayejenga msingi, mwenye shamba anayekata mteremko wa Wundanyi apate uwanja wa nyumba, mtu anayetafuta maji Voi, na hasa mchimbaji mdogo anayeshuka shimoni upande wa Kasigau au Kuranze kutafuta vito. Mawe mawili yanayowahusu zaidi huitwa naisi na shisti. Naisi ni neno la kale la wachimbaji madini wa Ujerumani. Shisti latokana na Kiyunani, na maana yake ni kupasuka. Mawe haya ni ya ukoo mmoja, hufanana kama ndugu, na mara nyingi hulala pamoja katika kilima kimoja, lakini tabia zao si moja.

Wataalamu hugawa miamba yote ya dunia katika makundi matatu. La kwanza ni miamba iliyokuwa uji wa moto, kisha ikapoa na kuganda. Mfano wake ni mawe meusi ya volkano yanayoonekana karibu na Taveta na Ziwa Chala, chini ya Kilimanjaro. La pili ni miamba iliyofanywa kwa mabaki ya mawe mengine, yaani mchanga na matope yaliyochukuliwa na maji, yakatua, yakashindiliwa mpaka yakashikamana, kama mawe ya mchanga ya Taru na Mazeras. La tatu ni miamba iliyogeuzwa. Miamba hii ilikuwa kwanza ya kundi mojawapo la hayo mawili, kisha ikazamishwa chini sana, ikapata joto na mgandamizo, ikawa kitu kingine bila kuyeyuka. Naisi na shisti zote mbili ni za kundi hili la tatu.

Mtu akitaka kuelewa mgeuko huo na atazame kazi ya mfinyanzi. Udongo mbichi ukitiwa maji huwa tope; lakini chungu kilichokwisha chomwa hakirudi kuwa tope hata kikilala mtoni mwaka mzima. Moto haukukiyeyusha, wala umbo lake halikupotea, ila kilicho ndani yake kimegeuka. Tofauti ni kwamba mfinyanzi huchoma kwa saa chache, naye hagandamizi. Dunia huchoma kwa mamilioni ya miaka, huku ikigandamiza kwa uzito wa maili nyingi za mawe. Chini ya uzito huo chembe za jiwe huvunjika na kuundwa upya, madini ya zamani hutoweka, na mapya huzaliwa mahali pake.

Jambo hilo lilitukia Taita zamani sana. Mahali penye Voi na Kasigau leo palikuwa na bahari, na chini yake yalitua matope, mchanga na chokaa. Viumbe vidogo vya baharini vilipokufa vilizama katika matope, nayo yakawa meusi kwa mabaki yao. Msomaji na aweke neno hili akilini, maana litarudi penye habari za vito. Kisha, miaka kama milioni 650 hadi 550 iliyopita, bara la upande wa mashariki lilisogea likagongana na bara la upande wa magharibi. Bahari ikafungwa, na vyote vilivyokuwa chini yake vikakunjwa kama mkeka, vikasukumwa chini ya milima mirefu. Ukanda wa miamba iliyogeuzwa wakati huo wapita Ethiopia, Kenya na Tanzania mpaka Msumbiji, na mtaalamu wa Kiingereza Arthur Holmes aliuita Ukanda wa Msumbiji mwaka 1951. Milima ile mirefu imekwisha kuliwa na mvua na upepo. Kinachokanyagwa Taita leo ni mizizi yake, ambayo baadaye iliinuliwa tena, hata kilele cha Vuria chafika futi 7,200 na zaidi juu ya bahari. Kilimanjaro, ulio mrefu zaidi ya mara mbili, ni mtoto mdogo mbele ya Vuria kwa umri, kwani mawe yake hayajafikisha hata miaka milioni 3.

Sasa yafaa kueleza kwa nini mawe haya yana kurasa na mistari. Katika matope mna madini ambayo yakipata joto hugeuka kuwa ulanga. Ulanga ni mwembamba kama karatasi, mweupe au mweusi, hung'aa juani, na hubanduka kwa ukucha. Jiwe linapogandamizwa, vipande vya ulanga havikai ovyo. Vyote hulala sambamba, kimoja juu ya kingine, kama karata zilizobanwa kati ya viganja viwili. Kwa hiyo jiwe lenye ulanga mwingi hupata njia ya kupasukia, na fundi akilipiga nyundo upande wa kurasa hufunguka bila taabu.

Wazee waliosoma zamani watakumbuka sleti, kile kibao cheusi walichoandikia shuleni kabla ya madaftari kuenea. Sleti ni jiwe halisi, nayo ni mdogo wao shisti na naisi: ni tope lililogeuzwa kidogo tu, na ulanga wake ni mdogo hata hauonekani kwa macho. Tope hilohilo likizama zaidi, joto likapanda kufika digrii 400 au 500, vipande vya ulanga hukua na kuonekana wazi, na jiwe huwa shisti. Likizama zaidi tena, joto likapita digrii 600, ulanga mwingi huanza kuvunjika na mahali pake huzaliwa felspa, madini magumu yenye rangi nyeupe au ya waridi. Felspa hiyo pamoja na kwatsi, lile jiwe jeupe mfano wa kioo, hukaa mstari wao. Madini meusi hukaa mstari wao. Hapo jiwe limekwisha kuwa naisi. Likipashwa moto kupita hapo huanza kuyeyuka, na habari zake hurudi katika kundi la kwanza.

Basi mtu aliyeshika jiwe mkononi afanyeje kulitambua? Kwanza na alivunje, kwa sababu uso wa nje uliopigwa na jua na mvua hudanganya. Akiona sehemu mpya yametameta karibu pote kwa magamba ya ulanga, na jiwe limepasuka katika vipande vyembamba vya sentimeta 1 au chini yake, yaani unene wa kidole kidogo, hiyo ni shisti. Akiona mistari myeupe na myeusi mfano wa kikoi, chembe nene, na jiwe likavunjika vipande vinene au hata kukata katikati ya mistari bila kuijali, hiyo ni naisi. Kisha na achukue kisu. Kisu kitakwangua shisti ya ulanga na kuacha vumbi linalong'aa. Juu ya mstari mweupe wa naisi kisu chenyewe ndicho kitakachoacha alama yake, kwa sababu kwatsi na felspa ni ngumu kuliko chuma chake. Vidonge vyekundu vya ganeti, vinavyoonekana mara nyingi katika mawe ya Taita, visitumiwe kuwa dalili. Vimo katika shisti na vimo katika naisi.

Ndugu hawa hawana baba mmoja siku zote, na hilo ndilo linalowachanganya wengi. Shisti ya ulanga kwa kawaida yatokana na matope. Naisi yaweza kutokana na matope, au na mchanga, au hata na matale, lile jiwe gumu la kundi la kwanza ambalo halikuwa tope kamwe. Matale yakigandamizwa chini ya ardhi hupata mistari yakafanana na naisi ya tope, ingawa asili zao ni mbalimbali kabisa. Wataalamu wenyewe hawapatani kila mara. Jiwe lililo mpakani, mmoja huliandika shisti na mwingine naisi, na wote wawili wana sababu. Taita ina mawe mengi ya namna hiyo ya mpakani.

Katika nchi hii naisi ndiyo nyingi. Kasigau, Sagalla na sehemu kubwa ya milima ya Taita zimesimama kwa sababu ya naisi ngumu isiyoliwa upesi. Mudanda, lile jabali refu ndani ya mbuga ya Tsavo Mashariki, lina urefu wa maili moja hivi, na maji ya mvua yanayoteremka ubavuni mwake hukusanyika katika bwawa ambamo ndovu huja kunywa. Jabali la shisti lisingeweza kukaa wazi namna hiyo. Lingebanduka kurasa kwa kurasa mpaka likaisha. Kwa sababu hiyohiyo mapango yaliyo chini ya majabali makubwa ya Taita yamedumu, na ndani yake Wataita wa zamani waliweka mafuvu ya wazee wao. Shisti hupatikana zaidi katika matabaka membamba yaliyobanwa kati ya naisi, au mabondeni ambako maji yamekwisha kuila.

Katika ripoti yake ya mwaka 1962 juu ya nchi ya Kasigau na Kurase, mtaalamu E. P. Saggerson aliigawa miamba ya huko katika makundi mawili, akayapa majina ya mahali hapo. Kundi la Kurase lina marumaru mengi, yaani chokaa ya bahari ya kale iliyogeuzwa, pamoja na naisi nyeusi na mawe mengine yaliyotokana na matope. Kundi la Kasigau lina marumaru machache, na sehemu yake kubwa ni naisi nene ya kwatsi na felspa. Wakati huo mgawanyo huu ulikuwa jambo la wasomi tu. Haikupita miaka 10 ukawa na thamani kubwa ya fedha.

Lakini kabla ya vito, yafaa kusema juu ya nyumba. Naisi ni jiwe jema la msingi na la kokoto. Yabeba uzito, hainywi maji mengi, wala haivunjiki kwa kufuata mstari mmoja. Shisti yavutia fundi mvivu kwa sababu hupasuka kwa urahisi na vipande vyake vina nyuso sawa. Lakini ikilazwa vibaya, kurasa zake zikisimama wima ukutani, maji huingia kati yake na uso wa ukuta hubanduka. Anayelazimika kuitumia na ailaze kama ilivyokuwa imelala mlimani, kurasa zikiwa chini na juu. Hata mchanga wa mtoni una habari hizo. Mchanga mnene uliotokana na naisi ni mzuri kwa saruji. Mchanga wenye ulanga mwingi huitaka saruji maji mengi, haushikani vema, na zege lake huwa dhaifu. Fundi aweza kuujaribu kwa chupa ya kioo: atie mchanga na maji, atikise, aache utulie. Ulanga hukawia kushuka, na ukionekana umefanya utando mnene unaong'aa juu ya mchanga, afadhali atafute mchanga mwingine.

Habari za maji nazo zafuata mawe. Naisi nzima haina nafasi ndani yake ya kuweka maji. Maji hukaa katika nyufa zake, na katika ile sehemu ya juu iliyooza na kuwa changarawe. Ndiyo sababu shimo moja hupata maji na jingine, hatua chache kando, huwa kavu kabisa, wala si ajabu wala si uchawi. Shisti ikioza hugeuka udongo mzito wenye ulanga, ambao waweza kuwa na maji lakini hauyaachii upesi. Katika tambarare ya Voi watu wengi hufanya vizuri zaidi kwa kuchimba katika mchanga wa mito mikavu, ambao ni mabaki ya naisi ya milimani: maji ya mvua hujificha ndani ya mchanga huo mbali na jua, na ukuta mdogo ukijengwa juu ya mwamba katikati ya mto huzidisha akiba hiyo mwaka kwa mwaka.

Milimani hatari ni nyingine. Katika miteremko ya Wundanyi, Mgange na Mbololo watu hukata ardhi kupata kiwanja cha nyumba, shamba au barabara. Matabaka ya mawe ya Taita hayakulala sawa. Yameinama, mengine kuelekea ndani ya mlima, mengine kuelekea bondeni. Yakiinama kuelekea bondeni, na kati ya naisi ngumu likiwako tabaka jembamba la shisti iliyooza, basi mlima huo ni kama vitabu vilivyopangwa juu ya meza iliyoinama. Vitatulia miaka mingi. Mtu akikata sehemu ya chini iliyokuwa ikizuia, na mvua kubwa ikilowesha ulanga, vitabu vya juu huteleza vyote. Kwa hiyo mwenye kukata kiwanja na atazame kwanza kurasa za jiwe katika ukingo wa barabara au korongo lililo karibu, aone zimeinamia wapi. Zikielekea ndani ya mlima, hatari imepungua sana. Zikielekea nyumba, na asikate wima. Aache mteremko, apande miti na majani yenye mizizi, na afanye mfereji wa kugeuza maji ya mvua kabla hayajafika juu ya ukingo. Ufa mpya katika udongo juu ya nyumba, au mti uliokuwa wima ukaanza kuinama wakati wa masika, ni dalili ya kuhama mara moja bila kungoja asubuhi.

Sasa vito. Mwaka 1967 mtaalamu wa mawe Campbell Bridges, mzaliwa wa Scotland, aliona kaskazini mashariki ya Tanzania jiwe la kijani lenye kung'aa sana. Lilikuwa ganeti, ndugu yake vile vidonge vyekundu, lakini la rangi ambayo watu walizoea kuiona katika zumaridi tu. Alipokosa njia ya kulichimba Tanzania alifikiri hivi: matabaka yaliyolizaa hayawezi kukoma kwa kuwa watu wameweka mpaka. Akayafuata upande wa Kenya, na mwaka 1970 akalipata jiwe lile karibu na Tsavo, katika nchi ya Taita. Mwaka 1974 lilipewa jina la tsavoraiti, kwa ajili ya Tsavo, na nyumba ya vito ya Tiffany ya New York ikaanza kulitangaza Marekani. Bridges mwenyewe alikaa zamani hizo katika nyumba iliyojengwa juu ya mti, kwa sababu ya wanyama wakali. Aliuawa mwaka 2009 na kundi la watu waliomshambulia, katika ugomvi wa machimbo.

Kwa nini jiwe hilo lipatikane hapa? Jibu limo katika matope meusi ya bahari ya kale. Mabaki ya viumbe vilivyokufa yaligeuzwa na joto yakawa grafiti, ile nyeusi iliyomo ndani ya penseli. Katika matope hayohayo ilikuwamo vanadi, metali kidogo sana, na hiyo ndiyo inayotia rangi ya kijani. Lakini ganeti ya namna hii haiwezi kuundwa bila chokaa, na chokaa ilikuwa katika matabaka ya jirani, ambayo sasa ni marumaru. Basi mahali ambapo jiwe jeusi la grafiti na marumaru yamekaa pamoja, vyote viwili vikapikwa chini ya mlima, ndipo tsavoraiti ilipoweza kuzaliwa. Mara nyingi hukaa ndani ya vidonge vya mviringo mfano wa viazi, vilivyofunikwa na gamba lisilopendeza; wengi wamevitupa bila kujua.

Hapa kutofautisha jiwe na jiwe huwa jambo la njaa au shibe. Jiwe jeusi la grafiti wataalamu huliita naisi, lakini mkononi hutenda kama shisti: hubanduka, huteleza, na huacha weusi kwenye vidole kama penseli. Ndugu yake wa mbali, naisi ya mistari myeupe na ya waridi yenye asili ya matale, halina grafiti wala chokaa ya kutosha. Mtu aweza kuichimba miezi sita, akavunja nyundo na mgongo wake, asipate hata chembe ya kijani, kwa sababu haikuwamo tangu mwanzo. Mchimbaji mwenye busara hutembea kwanza, hutafuta mstari wa marumaru meupe juu ya ardhi, hufuata ukingo wake mpaka apate jiwe linalochafua vidole, na hapo ndipo anapoanza. Yakuti nyekundu za Mangari, zilizoanza kuchimbwa katika miaka ya 1970, zina jirani wengine, nazo hazitafutwi kwa njia hii.

Shisti nayo ina udanganyifu wake. Ulanga mweusi ukikaa miaka mingi katika mvua na jua hupoteza weusi, ukawa wa rangi ya dhahabu, na mchanga wa mtoni wenye ulanga huo hung'aa hata mtu akaona ameokota utajiri. Wajanja wameuza mchanga kama huo kwa watu wasiojua. Kuutambua si kazi. Dhahabu ni nzito, huzama mara moja, na ikigongwa hutandazika bila kuvunjika. Ulanga huelea na kuzungukazunguka majini, na ukigongwa huwa unga.

Jiwe jeusi linaloongoza kwenye vito ndilo pia linaloua. Grafiti hutumiwa viwandani kulainisha vyuma visikwaruzane, na ndani ya mwamba kazi yake ni ileile: kurasa huteleza moja juu ya nyingine. Shimo lililochimbwa katika naisi ngumu laweza kusimama bila nguzo kwa muda mrefu. Shimo la jinsi hiyohiyo katika jiwe la grafiti au shisti dari yake hubanduka vipande vikubwa bila kutoa sauti ya kuonya, na zaidi baada ya mvua, maji yakiwa yameingia katikati ya kurasa. Nguzo za miti imara zapasa kuwekwa kila baada ya hatua chache, si baada ya ufa kuonekana. Dari na igongwe kwa chuma kila asubuhi kabla ya watu kuingia: ikilia kama kengele ni nzima, ikilia kama ngoma imebanduka ndani. Shimo lililoachwa masika nzima lisiingiwe mpaka limetazamwa hivyo tangu mlangoni mpaka mwisho, wala asiingie mtu mmoja peke yake.

Kwa habari ya ruhusa, Sheria ya Madini ya mwaka 2016, iliyochukua mahali pa ile ya mwaka 1940, yasema ya kuwa madini yote yaliyo chini ya ardhi ya Kenya ni mali ya Jamhuri, hata yakiwa ndani ya shamba la mtu. Sheria hiyohiyo ilimtambua mchimbaji mdogo, ambaye zamani alihesabiwa mwizi tu. Sasa aweza kuomba kibali chake katika ofisi ya madini ya kaunti. Katika ushuru unaotozwa juu ya madini, sehemu 70 katika 100 ni za serikali ya taifa, 20 ni za kaunti, na 10 ni za jamii ya mahali yanapochimbwa. Mjini Voi kimejengwa kituo cha vito, ili mawe yakatwe na kupimwa papo hapo badala ya kuuzwa yakiwa magumu machafu. Anayepeleka jiwe huko, au kwa mnunuzi yeyote, afadhali achukue pamoja nalo kipande cha mwamba alimolitoa, kwa sababu mtu anayejua kazi yake akiona marumaru na grafiti hujua upesi kwamba kitu cha kijani kilichomo si kipande cha chupa.